Usinunue nembo, nunua injini

Unaijua hali hii. Ni mwisho wa mwezi, umelala na simu mkononi unapekua matangazo ya magari. Ghafla unaliona: BMW Series 3 Touring ya 2014, jeusi ti, viti vya ngozi, buti refu la kubeba kila kitu mkienda Naivasha wikendi. Bei yake inakaribiana na ya kale ka-Toyota alikonunua jirani yako juzi. Moyo unadunda. Unajiambia, "Hii sasa ndiyo saizi yangu."

Kabla hujampigia muuzaji simu, hebu tuongee kidogo.

Mimi sina ugomvi na stesheni-wagoni. Wazazi wetu walienda mashambani wakiwa wamebanana ndani ya Peugeot 504, na hadi leo ni vigumu kupata gari linalobeba watu na mizigo vizuri hivyo bila kukaa kama lori. Ugomvi wangu ni namna tunavyozinunua hizi za kifahari. Tunaangalia nembo, tunaangalia rimu, tunapiga selfi tukiwa tumeshika usukani. Injini tunaisikiliza dakika mbili, ikinguruma vizuri tunasema iko fiti. Wahenga walituambia uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwenye magari, kipande hicho cha mti kina jina, na unaweza kuliuliza kabla hujatoa hata shilingi.

Rudi kwa hiyo Touring. Mafundi huiita F31, na ilitengenezwa kuanzia 2012 hadi 2019. Nyuma utaona imeandikwa 320i miaka hiyo yote, lakini chini ya boneti ni kama magari mawili tofauti. Za kabla ya marekebisho ya 2015 kwa kawaida zina injini ya petroli inayoitwa N20. Za baada ya hapo zina B48. Zote mbili ni lita 2.0, silinda 4, na zote zina tabo. Ukiziendesha kwa dakika kumi hutajua tofauti. Tofauti utaijua baadaye, tena ukiwa kando ya barabara.

Tatizo la N20 ni cheni ya taimingi. Cheni hii inaongozwa na vipande vya plastiki, na kwenye injini za miaka ya mwanzo plastiki hiyo ilijulikana kukauka na kumeguka. Vipande vinaanguka chini kwenye oili na vinaweza kuziba pampu. Cheni ikilegea hadi iruke meno, pistoni zinagonga vali, na hapo unatafuta injini nyingine. Hii si porojo ya gereji. Kule Marekani wamiliki waliishtaki BMW kwa sababu ya cheni hiyo, na kesi ikaishia kwa maafikiano ya kuongeza muda wa dhamana. Wewe uliyenunua mkononi mwa mtu wa tatu hapa Nairobi huna dhamana ya kuongezewa.

B48 ilikuja ikiwa imara zaidi na haina sifa hiyo mbaya. Si malaika lakini. Inajulikana kwa kupoteza maji ya kupozea injini, na cheni yake imewekwa upande wa gia boksi, kwa hivyo siku ikihitaji kuguswa si kazi ya asubuhi moja. Hata hivyo, kati ya hizo mbili, mimi ningelala usingizi nikiwa na B48.

Na usidanganywe na nambari za mgongoni. Ukiona 328i unaweza kudhani umepata ile silinda 6 ya zamani. Kwenye F31, hiyo ni N20 ile ile ya lita 2.0, imeongezewa nguvu tu. Dizeli nayo, 320d, inabana mafuta kweli, ila ina chujio la masizi linalotaka safari ndefu ili lijisafishe. Kama maisha yako ni foleni ya Mombasa Road asubuhi na jioni, litaziba. Isitoshe, mwaka 2018 BMW iliita magari mengi ya dizeli, hasa Korea Kusini, baada ya visa vya moto vilivyohusishwa na kipoza moshi cha injini. Uliza kama hilo unalotaka lilirekebishwa.

Wala msiseme nawaonea BMW. Mercedes C-Class za kabla ya 2014 zenye injini ya M271 zinajulikana kwa cheni kurefuka. Audi A4 Avant za lita 2.0, zile za mwanzo za kizazi cha B8, zinajulikana kwa kunywa oili kama chai.

Sasa jiulize kwa nini ile ya 2014 ni rahisi hivyo. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Kwa hivyo za N20 hazishuki tena Mombasa. Zilizopo ziko humu humu nchini, na nyingi zimeshapita mikono miwili mitatu. Anayeuza huenda anajua kitu ambacho wewe hujui.

Nina rafiki aliyenunua gari la aina hii. Chapa yake na aliyemuuzia tuwaache. Alichukua mkopo wa Sacco wa miaka minne, na mmoja wa wadhamini wake alikuwa mamake, mwalimu aliyebakisha miaka michache astaafu. Mwezi wa saba injini ilikufa karibu na Gilgil. Leo gari limefunikwa turubai nje ya ploti yao, watoto wanachezea juu yake. Mkopo ulipomshinda, Sacco ikageukia wadhamini. Gari hilo mama mtu hajaliendesha hata siku moja, lakini yeye ndiye anayelilipia.

Najua kuna atakayesema, "Buda, wacha wivu. Jamaa yangu ana N20 na imepita kilomita 200,000." Ni kweli, zipo. Ukimuuliza vizuri, huenda utasikia oili imekuwa ikibadilishwa mapema, si kungoja kompyuta ya gari iseme, na cheni imeshawekwa mpya. Hoja yangu ni hiyo hiyo: injini ina historia, na historia ina risiti.

Basi fanya hivi. Kwanza, omba namba ya chesesi. Kwa BMW, herufi na tarakimu saba za mwisho zinamtosha muuza spea kukuambia gari lina injini gani. Pili, kama lilitoka Uingereza, historia ya ukaguzi wake wa kila mwaka iko mtandaoni bure, kilomita zikiwemo. Kama lilitoka Japani, omba karatasi ya mnada. Tatu, tafuta fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Aje injini ikiwa baridi, asikilize kama kuna mlio mwembamba unaopanda unapokanyaga mafuta, na akague kama kuna vipande vya plastiki kwenye filta au sampu ya oili. Muuzaji akikataa gari lisikaguliwe, msalimie uende zako.

Nne, na hili ndilo gumu: nenda Kirinyaga Road uulize bei ya cheni, na bei ya injini nzima, kabla ya kununua gari. Kama kuwa na hela hiyo pembeni kutakufanya ushindwe kulipa kodi ya nyumba, hilo gari hujaliweza bado. Si aibu. Gari la kifahari la mkono wa pili lina bei mbili, ya kulinunua na ya kulitunza, na tangazo hukuonyesha ya kwanza tu.

Ukipata B48 yenye karatasi zake, na akiba iko, nunua, furahia, tupungie mkono ukipita. Ukipata N20 isiyo na risiti ya cheni, iache hata kama inang'aa namna gani. Na kama mkopo wenyewe unahitaji sahihi ya mamako, mweleze kwanza ni injini gani anayoiwekea sahihi.