Kona ya mwalimu: Apareyi ya babu na majina ya nyuma ya foto

Juma hili tuzungumze juu ya kitu kinacholala ndani ya masanduku ya nguo ya wazee wetu: apareyi ya foto ya zamani, ile ya umbo la kisanduku cheusi. Wengine wanawapa watoto waichezee. Wengine wanaitupa siku ya kugawanya vitu vya marehemu. Na wako wanaoiuza kwa mpita njia wa kwanza.

Tuifahamu kwanza. Ni kisanduku cha karatasi ngumu au cha bati. Mbele kina kioo kidogo, pembeni ufunguo wa kuzungusha filamu, nyuma kidirisha chekundu cha kuonyesha namba. Mwaka 1900 kiwanda cha Kodak cha Marekani kilitoa apareyi ya namna hii, Brownie, kwa dolari 1 tu, ili hata mtoto aweze kupiga foto. Wabelgiji nao, katika miaka ya 1950, walikuwa na yao, Gevabox ya kiwanda cha Gevaert. Nyingi zilitumia filamu ya namba 120, yenye foto 8 za sentimeta 6 kwa 9. Mpigaji aliishika tumboni, akainama kutazama kioo cha juu. Ndiyo sababu watu wa foto hizo wanaonekana warefu, tena wamesimama kama askari: aliyetikisika alitoka kama moshi.

Je, ina bei? Ulaya na Marekani wako watu wanaozikusanya na kuzipanga kabatini. Lakini visanduku hivi vilitengenezwa kwa mamilioni, basi vya kawaida havina bei kubwa. Mama anayefikiri kitalipa masomo ya watoto atavunjika moyo. Thamani yake kwetu iko mahali pengine: katika foto kilizozaa, na katika majina ya watu walio ndani yake.

Tarehe 14 Mei 1904, kule Baringa, mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alipiga foto ya baba mmoja ameketi, anatazama mkono na mguu wa mtoto wake aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Foto hiyo ilionyeshwa katika mikutano Uingereza na Marekani, ikasaidia kufungua macho ya watu juu ya utawala wa mfalme Leopold. Mwaka 1908 Kongo ikatoka mikononi mwake. Leo bado tunamjua baba yule, Nsala wa kijiji cha Wala, na mtoto wake Boali, kwa sababu majina yao yaliandikwa. Mama zetu wangapi walipigwa foto wakati wa ukoloni, zikachapwa kwenye kadi za posta, na chini yake likaandikwa jina la kabila tu?

Tusiwatendee wazee wetu vilevile. Katika kartiye yetu iko familia yenye foto 8 za apareyi ya babu. Mama mzee mmoja alikumbuka watu wa foto 6. Wale wa foto 2 hawana jina tena, maana aliyewajua amezikwa. Na vita vya 1996 na 1998 vimekwisha kuteketeza foto za nyumba nyingi za Maniema. Zilizobaki ni chache.

Basi tufanye hivi:

Usifungue apareyi kwenye mwanga. Kama kidirisha chekundu kinaonyesha namba, labda filamu iko ndani. Umpelekee fundi wa foto.

Usiioshe kwa maji. Ipanguse kwa kitambaa kikavu, uifunge katika kitambaa cha pamba. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu, na kuvu inakula kioo.

Laza foto kifudifudi juu ya kitambaa safi, uandike nyuma kwa kalamu ya risasi, polepole: majina kutoka kushoto kwenda kulia kama wanavyoonekana, mahali, mwaka. Wino wa biki unapenya.

Mketishe mtoto mwenye kujua kuandika pembeni ya mzee. Mzee anataja, mtoto anaandika. Hilo ni somo la historia lisilohitaji kitabu.

Katika mkutano wetu ujao, kila mwenye apareyi au foto ya zamani ailete. Hatutauza wala kununua. Tutaulizana: huyu ni nani, mtoto wa nani, alikaa wapi? Na mwenye mama mzee nyumbani asingoje mkutano. Amuulize leo jioni.