Deni la Mwenye Kikapu



Juma hili tunawaalika tutafakari jambo lililotukia mbali, huko Uskoti. Mwezi Agosti 2008 mwandishi Nicholas Evans alichuma uyoga wa porini, ukapikwa, na watu wanne wa jamaa moja wakaula. Kumbe haukuwa ule waliodhani. Ulikuwa Cortinarius rubellus, uyoga wa misitu ya misonobari, ambao sumu yake huharibu figo. Watatu kati yao walihitaji kupandikizwa figo; Evans alipewa ya binti yake mwaka 2011.

Uyoga huo hutambulikaje? Kofia yake ni ya rangi ya kutu, nayo mara nyingi imechongoka katikati. Chini ya kofia mna vipande vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu, navyo vina rangi iyo hiyo ya kutu. Shinani mara nyingi huonekana mistari ya manjano isiyonyooka, mabaki ya utando uliofunika uyoga ulipokuwa mchanga. Wachumaji huweza kuudhania kuwa chanterelle, uyoga wa manjano upendwao sana. Lakini chanterelle hauna kurasa. Una mikunjo minene inayoteremka hadi shinani.

Hata hivyo, alama hizi zisitutie kiburi. Mvua na umri hubadili sura ya uyoga. Moto wa jiko hauiondoi sumu hiyo. Tena dalili zaweza kukawia siku kadhaa, pengine hata majuma mawili au zaidi, mlaji akiwa amekwisha kusahau alichokula. Kwa hiyo wanaoshauri tuonje kidogo kisha tungoje, wanatupotosha. Kutoona dhara leo si ushahidi wa usalama.

Maoni yetu ni haya: mchumaji hachumi kwa ajili yake peke yake. Mgeni aketiye mezani haulizi, humwamini aliyemkaribisha. Imani hiyo ni deni, na asiye na hakika hana haki ya kulikopa. Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa giza. Hakuna aibu kumwonyesha mjuzi uyoga mzima, pamoja na shina lake lote, na kuutupa akisita.

Basi tusimsifu mchumaji kwa kikapu kilichojaa. Tumsifu kwa kile alichokiacha msituni.