Kasumba ya "Damu" Ipigwe Vita

Wako watumishi wa umma na walimu ambao, wakipangiwa kazi Karatu au Ngorongoro, hufika na hukumu mkononi. Mtoto wa Kimaasai akishindwa hesabu, husemwa kuwa damu yake ni ya ng'ombe, si ya kalamu. Mtoto wa Kihadzabe kutoka Eyasi akitoroka bweni, husemwa kuwa pori limo mwilini mwake. Hiyo ni kasumba ya kikoloni iliyojivika joho la sayansi.

Sayansi yenyewe yasemaje? Ni kweli kwamba chembe za urithi, ambazo kila mtu huzipata kwa baba na mama, huamua mambo mengi ya mwili. Chukua maziwa. Mtoto mchanga humeng'enya sukari ya maziwa bila taabu. Kwa watu wengi duniani uwezo huo hufifia baada ya kuachishwa ziwa. Kwa wengine, badiliko dogo katika chembe za urithi huuhifadhi hadi uzeeni.

Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Badiliko walilolikuta kwa wingi Tanzania na Kenya si lile la Wazungu. Lilizuka hapa hapa Afrika. Wala halikujali mipaka ya kabila: limo kwa wasemao lugha za Kikushi, limo pia kwa wasemao za Kinailoti.

Tena, si badiliko hilo lililowafanya watu wafugaji. Ufugaji ndio uliolieneza: aliyeweza kunywa maziwa wakati wa dhiki aliishi, akazaa, akarithisha. Kazi ya watu ilichagua urithi. Urithi haukuwachagulia watu kazi.

Basi aoneshwe nani chembe ya kabila inayochukia hesabu? Haipo. Ipo njia ndefu ya kwenda shule, lipo tumbo tupu, ipo lugha ya darasani isiyosemwa nyumbani. Hayo yote yanarekebishika, na ndiyo maana mvivu huyakwepa akasingizia damu, kwa kuwa damu haimdai kazi.

Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilikuwa kuamini udugu wa binadamu wote. Mwalimu anayeihukumu damu ya mwanafunzi ameisaliti ahadi hiyo na chaki yake pia. Aache ramli, afundishe.