Usitume arabuni kabla trekta haijawaka ikiwa baridi

Msimu wa kutayarisha mashamba ukikaribia, matangazo ya trekta kuukuu huanza kuzunguka kwenye simu. Picha ni ileile: Massey Ferguson 135 nyekundu imesimama kwenye nyasi, rangi inang'aa, na chini yake maneno "iko sawa kabisa, wateja ni wengi, tuma arabuni nikushikie". Msimamo wangu ni huu. Trekta hiyo huenda ni nzuri kweli, lakini arabuni usitume. Hata elfu tano usitume, mpaka ufike pale ilipo, uguse injini ikiwa baridi, uisikie ikiwaka, na uone karatasi zake.

Mimi nimesomea mambo ya kuuza, sikusomea injini, kwa hivyo naanza na ninachokijua. "Wateja ni wengi" ni maneno ya kukuharakisha. Rangi mpya nayo ni kitu cha bei rahisi kuliko vyote unavyoweza kufanyia trekta yenye miaka hamsini, na ndicho kitu cha kwanza mnunuzi kuona. Binafsi ningependelea trekta iliyofifia, yenye kutu ya kawaida na oili iliyoganda kwenye ubavu, kwa sababu hapo fundi anaona inavuja wapi. Iliyopakwa juzi imefuta ushahidi.

Hata hivyo sina ubaya na trekta za zamani. MF 135 ilitoka Coventry, Uingereza, kuanzia mwisho wa 1964, na nyingi zina injini ya Perkins ya dizeli yenye silinda tatu na nguvu ya farasi takriban 45. Haina kompyuta yoyote. Fundi wa Kitale au Nakuru anaijua kama mfuko wake, na ndugu zake zimeendelea kuundwa Pakistan na India kwa miaka mingi, kwa hivyo spea hazijapotea sokoni. Kwa shamba dogo lenye plau ya diski mbili, trela na kazi ya kuvuta maji, hiyo nguvu inatosha.

Swali la kwanza ni kama unaihitaji. Tuseme mmeafikiana KSh 700,000, na kwenu kulimiwa ekari moja ni KSh 4,000. Ukiwa na ekari tatu na misimu miwili, unatumia KSh 24,000 kwa mwaka. Itakuchukua miaka 29 kufikisha laki saba, na hapo sijataja dizeli, dereva wala tairi. Kama huna mpango wa kulimia majirani au kubeba mizigo, endelea kukodisha bana. Kama unao mpango huo, basi tuendelee.

Enda asubuhi, na usimwambie muuzaji utafika saa ngapi hasa. Ukifika weka mkono kwenye injini. Ikiwa ina joto, mtu ameiamsha mapema, na pengine alikuwa na sababu: injini iliyochoka husumbua kuwaka ikiwa baridi, lakini ikishapata moto inaficha mambo. Iache ipoe, au rudi siku nyingine. Ikiwaka, angalia ekzosi. Moshi mweupe kidogo asubuhi ni kawaida. Moshi wa samawati usioisha unamaanisha inakula oili, na mweusi mwingi bila kazi nzito unakuelekeza kwenye nozo au pampu ya dizeli. Kabla ya kuiwasha fungua kifuniko cha oili. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hiyo ni hesabu nyingine kabisa.

Halafu nyuma. Kwa maoni yangu hapa ndipo watu wengi huangalia kidogo mno, kwa sababu injini ikishanguruma wanaona wamemaliza. Muuzaji afunge plau halisi, si mikono mitupu, aiinue na kuiacha juu injini ikiendelea. Ikiwa inashuka na kupanda kama mtu anayesinzia kanisani, mafuta ya haidroli yanavuja ndani. Azime injini, muone plau inakaa juu muda gani. Kwenye aina hii pampu ya haidroli imefichwa ndani ya nyumba ya ekseli, kwa hivyo kuifikia si kazi ya dakika kumi, na fundi atakulipisha ipasavyo. Shafti ya PTO nayo izungushwe, uhakikishe inaingia na kutoka bila kelele. Kama kifuniko chake cha usalama hakipo, mkumbushe muuzaji kwenye bei na ununue kingine kabla ya mtu yeyote kuisogelea akiwa na leso au koti refu.

Baadhi ya hizi 135 zina gia inayoitwa Multi-Power, inayobadilishwa kwa swichi ndogo. Ikiwa kwenye mwendo wa chini, injini haisaidii kushika trekta kwenye mteremko; inateleza kama gari lililo huru. Kwa mtu wa Murang'a au Kisii, na trela imejaa nyuma, hilo ni jambo la uhai. Lijaribuni kwenye tambarare, na mwenye kuendesha ajue kabisa. Usitegemee mita ya masaa, kwa umri huu haisemi kitu. Angalia pedali zilivyolika, pini za mbele zinavyocheza, usukani unavyozunguka kabla tairi kufuata. Na uende na fundi wako mwenyewe, uliyemlipa wewe, wala si yule "mtaalamu" ambaye dalali amempata hapo karibu.

Sasa karatasi, na trekta ya zamani ina tatizo lake maalum. Kitabu cha umiliki, hiki tunachokiita logbuku, mara nyingi kina jina la mzee aliyeinunua, na mzee alishafariki. Anayeuza ni kijana wake. Huenda ni mtu mwaminifu, lakini kisheria mali ya marehemu haiuzwi na mtoto kwa sababu tu anaishi nayo. Lazima awe na kibali cha mahakama cha kusimamia mirathi. Kuigusa bila hicho ni kosa chini ya sheria ya urithi, na dada zake watatu wakija kesho kudai trekta, wewe ndiye uliyesimama nayo shambani. Hapo hakuna mjadala: kibali kwanza, pesa baadaye. Heshima kwa familia haikuzuii kuuliza.

Jina likiwa sawa, linganisha namba ya chesisi na ile ya kwenye logbuku. Namba ya injini ikitofautiana, uliza. Injini hubadilishwa, na mabadiliko yanapaswa kuwa yameandikishwa. Chesisi ikitofautiana, panda gari urudi nyumbani. Fanyeni pia utafutaji kwenye sajili ya dhamana za mali zinazohamishika, iliyoanzishwa na sheria ya 2017, kuona kama kuna mkopo unaoishikilia trekta hiyo.

Tufike kwenye pesa. Kikomo cha kutuma kwa simu ni KSh 250,000 kwa muamala mmoja na KSh 500,000 kwa siku. Laki saba haziishi siku moja. Watu hufanya nini? Wanazikata vipande: hizi leo, hizi kesho. Na usiku wa katikati, trekta inalala kwa nani? Jibu ni kwa muuzaji, akiwa na laki tano zako na funguo zake. Kukata malipo vipande si vibaya, ila kila kipande kinunue kitu unachoweza kukishika. Ningependekeza hivi: arabuni ndogo, tuseme KSh 50,000, itumwe mkiwa mmekaa pamoja, baada ya injini na karatasi kupita na makubaliano kuandikwa na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi. Makubaliano yaseme wazi arabuni inarudi lini na hairudi lini. Salio lisitoke mpaka muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen nawe uuone kwenye akaunti yako. Naandika kwenye blogu ya kampuni ya malipo, na bado nasema salio kubwa namna hiyo lipite benki, mara moja, kwa akaunti yenye jina la mwenye logbuku.

Jina ndilo la kushikilia. Unapotuma kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuingiza namba yako ya siri. Likiwa la dalali, la shemeji au la "mhasibu wetu", simama. Ati laini ya mwenyewe imejaa, ati simu iko chaji: mnaweza kungoja. Na usihesabu kwamba utarudishiwa kwa kupiga simu. Kurudisha muamala kumewekewa mtu aliyekosea namba. Ukimtumia mtu uliyemkusudia, kwa kitu mlichokubaliana, huo ni mgogoro wa biashara kati yenu, na pesa zikishatolewa kwa wakala sisi hatuna za kukurudishia. Weka ujumbe wa uthibitisho, usiufute, na namba yake iandikwe kwenye makubaliano.

Baada ya kununua, Sheria ya Trafiki inakupa siku 14. Zikipita bila kusajiliwa kwa jina lako, trekta haipaswi kuwa barabarani. Pia mpaka ithibitishwe vinginevyo, mwenye jina kwenye usajili ndiye anayehesabiwa mwenyewe. Kwa hivyo usikubali ile ya "tutabadilisha tu baada ya mavuno".

Na ukianza kulimia majirani, pesa za trekta zisichanganyike na za sukari na karo. Wiki za kulima ni chache, na ndizo zitalipia beringi na klachi za mwaka mzima. Nimesikia wenye trekta wakilalamika kwamba ekari zililimwa kumi na malipo yaliyofika ni ya saba, kwa sababu dereva alikuwa akipokea kwenye laini yake. Chukua till kwa jina lako, dereva umlipe kwa ekari, na namba ya till ichorwe kwa rangi kubwa kwenye madigadi zote mbili, hiyo rangi mpya ipate kazi ya maana, kabla plau haijashuka kwenye shamba la mtu wa kwanza.