Kashata za protini: je, zina faida gani kwetu?

Katika maduka makubwa ya Mombasa, karibu na pale mteja anapolipia, siku hizi hapakosi vipande vya chakula vilivyofungwa kwa karatasi za kung'ara, vyenye picha ya kijana aliyetuna misuli. Wauzaji huviita baa za protini. Jina hilo halikutukalia vizuri hata kidogo. Kwa Kiswahili baa ni msiba mkubwa, na baa nyingine ni mahali wakaapo walevi, wala hatuoni sababu ya kumfanya mtoto wa watu aseme mbele ya babake kwamba anatoka kwenda kununua baa. Kitu chenyewe ni unga, tamutamu na mafuta vilivyoshikanishwa pamoja vikakatwa vipande, na sisi watu wa pwani kitu cha namna hiyo tunalo jina lake tangu zamani. Ni kashata. Basi katika makala haya tutaziita kashata za protini, na wenye maduka watusamehe.

Swali lililo mbele yetu ni kama kashata hizi zafaa kununuliwa. Si swali dogo. Vijana wanaobeba vyuma wameambiwa kwamba pasipo kashata hizi mwili haujengeki. Akina mama wameanza kuzitia katika mikoba ya watoto waendao shule wakidhani wamewapa chakula bora kuliko andazi. Na mwezi wa Ramadhani ukifika, wako wanaokula kipande kimoja wakati wa daku kisha wakarudi kulala, wakiamini kwamba saum yao itakuwa nyepesi. Pesa nyingi zinatoka kwa ajili ya imani hiyo, na aghalabu zinatoka mifukoni mwa watu wasio na pesa za kuchezea.

Kwanza tutazame mwili unataka nini. Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika wenzake ya Umoja wa Mataifa, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2007 kwamba mtu mzima mwenye afya anatoshelezwa na kiasi cha gramu 0.83 za protini kwa siku kwa kila kilo moja ya uzito wake. Mtu wa kilo 60, basi, anahitaji gramu 50 hivi. Wanaofanya mazoezi makali huhitaji zaidi, na wataalamu wa michezo hutaja gramu 1.2 mpaka 2 kwa kila kilo, lakini hao ni watu wanaotoka jasho kila siku, si yule anayekwenda kujipiga picha mbele ya kioo mara moja kwa wiki.

Je, gramu 50 ni nyingi? Hebu tuhesabu chakula cha nyumba ya kawaida. Bakuli la mbaazi za nazi asubuhi lina protini kama gramu 13 au 15, na mahamri mawili yakiongeza kidogo. Mchana sahani ya wali ina gramu kama 8, na kipande cha changu au nguru cha gramu 100 kina zaidi ya 20. Jioni gilasi ya maziwa ni gramu 8. Mtu huyo amekwisha kupita 50 bila ya kutamka neno protini. Na kama alisimama njiani kwa muuza pweza akala vipande kadhaa kwa kijiti na supu yake, basi amezidisha, maana pweza aliyechemshwa ni katika vyakula vyenye protini nyingi sana na mafuta machache.

Hatusemi kwamba mahamri na tui havina kasoro. Unga mweupe, sukari na mafuta ya kukaangia vina hesabu yake mwilini, na maradhi ya kisukari yaliyoenea katika mitaa yetu ni ushahidi tosha. Lakini kasoro hiyo haiondolewi na kashata ya dukani, ambayo nayo mara nyingi ina sukari yake.

Kashata ya kawaida ya protini ina uzito wa gramu 40 mpaka 60, nayo huwa na protini kati ya gramu 10 na 20. Yai moja lina gramu 6. Kwa hiyo mayai matatu yanakwenda sambamba na kashata iliyo nzuri kabisa. Bei ya kashata moja inayotoka ng'ambo mara nyingi yatosha kununua mayai zaidi ya kumi, na mwenye nyumba akaangiwe, na watoto nao wapate. Dagaa waliokaushwa, ambao wengine huwadharau, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Kunde kavu, pojo na maharagwe zina kama gramu 24 kwa kila gramu 100, na zikiliwa pamoja na wali au ugali kila kimoja hukamilisha kile ambacho mwenzake amepungukiwa. Bibi zetu hawakusoma kemia, lakini wali wa kunde wao hauna la kufundishwa na maabara.

Yafaa tukumbuke pia kwamba hofu hii ya kukosa protini si mpya, wala si mara ya kwanza kwa dunia kuuziwa dawa yake. Katika miaka ya 1930 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za ugonjwa wa watoto uitwao kwashiorkor, akausadiki kuwa unahusiana na upungufu wa protini. Baada ya vita vya pili vya dunia mashirika makubwa yalishika neno hilo moja tu. Zikaundwa kamati, vikatengenezwa vyakula vya unga wa samaki na vinginevyo vya viwandani, ikasemwa kwamba ulimwengu wa maskini una pengo la protini. Mnamo 1974 daktari Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet kwamba jambo zima lilikuwa kosa kubwa. Watoto wengi walikuwa hawapungukiwi na protini peke yake bali na chakula chenyewe, na kuwakazania unga wa kiwandani kulipoteza miaka na pesa. Mama wa Kwale au Kilifi ambaye chungu chake kina ugali na mchicha pekee hahitaji kashata. Anahitaji kunde ndani ya ule mchicha, na bei ya samaki impishe naye afike sokoni.

Kashata zenyewe asili yake ni michezo. Mkimbiaji wa mbio ndefu kutoka Canada, Brian Maxwell, aliishiwa na nguvu katika mbio za marathoni huko Uingereza mwaka 1983. Akafikiri namna ya kupata chakula ambacho mkimbiaji aweza kukila bila ya tumbo kumsumbua, na mwaka 1986 yeye na Jennifer Biddulph wakaanza kuuza PowerBar huko California. Mwaka 2000 kampuni ya Nestlé iliinunua biashara hiyo kwa dola milioni 375. Msomaji na atazame: kitu kilichobuniwa kwa ajili ya mtu anayekimbia kilomita 42 sasa kinaliwa na mtu aliyeketi ofisini mbele ya kiyoyozi.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba hazina wa kumfaa. Dereva wa lori aliye njiani usiku, mwuguzi wa zamu asiyepata nafasi ya kukaa mezani, mwanamichezo aliyemaliza mazoezi na nyumbani ni mbali, hawa kipande kimoja kitawafaa kuliko soda na biskuti. Wazee walioingia miaka wakapoteza hamu ya chakula wanahitaji protini zaidi kuliko vijana, nao pengine wakashindwa na sahani lakini wakaweza kipande kidogo, ijapokuwa meno yao yatalalamika kwa jinsi kashata hizi zinavyonata.

Mwenye kutaka kununua, basi, aigeuze kashata asome nyuma, asidanganywe na maandishi ya mbele. Hesabu yake ni nyepesi. Gramu moja ya protini ina kalori 4. Kashata yenye gramu 20 za protini na kalori 200 kwa jumla, kalori 80 katika hizo zimetokana na protini, na hiyo inastahili jina lake. Nyingine ina gramu 8 za protini na kalori 250. Hiyo ni biskuti iliyovaa nguo za mazoezi. Vilevile vitu vilivyotiwa huandikwa kwa mpango wa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ukiona cha kwanza ni sukari au shira ya glukosi, iache.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa wasomaji wetu wengi ndilo la mwanzo. Protini hiyo imetoka wapi? Ikiwa ni soya, karanga au mayai, hapana neno. Nyingi hutiwa wei, yaani yale maji yanayobaki maziwa yakishafanywa jibini, yakakaushwa yakawa unga. Maziwa ni halali, lakini huko viwandani jibini hugandishwa kwa vimeng'enya, na vingine asili yake ni tumbo la ndama ambaye hatujui alichinjwaje, ingawa siku hizi vingi hutengenezwa bila ya mnyama. Mashaka makubwa zaidi yako kwenye jelatini na kolajeni. Hizi hutolewa katika ngozi na mifupa, na sehemu kubwa ya jelatini ya ulimwengu hutoka kwa nguruwe. Wako wanavyuoni wanaosema kwamba kitu kikigeuka kabisa asili yake hukumu yake nayo hugeuka, na wako wengi wasiokubali hivyo kwa jelatini. Hapo si mahali petu kutoa fatwa, waulizwe masheikh. Lakini hata kwa upande wa lishe peke yake, jelatini na kolajeni ni protini pungufu, haziwezi kuujenga mwili zikiwa peke yake. Mtu atakuwa ameingia katika mashaka ya dini kwa kitu ambacho hata misuli haikipendi. Chakula cha Muislamu hutakiwa kiwe halali na kiwe kizuri, mambo mawili pamoja.

Liko na jambo jingine ambalo limewatia watu wasiwasi pasipo sababu. Katika kashata zisizo na sukari hutiwa vitu kama maltitoli na sorbitoli, na jina la ukoo wao kwa lugha ya wataalamu lina neno alkoholi ndani yake. Hilo ni jina la kikemia tu. Vitu hivyo havileweshi, wala si mvinyo. Ubaya wao ni mwingine: mwili hauvifyonzi vyote, hufika utumbo wa chini vikachacha, na aliyekula nyingi tumbo humjaa na huenda likamwendesha. Anayekula vipande viwili vya namna hiyo wakati wa daku atajuta kabla ya adhuhuri. Mwenye maradhi ya figo asizishike kabisa kabla ya kumwona daktari wake, kwa sababu protini nyingi huweza kumzidishia mzigo. Na mtoto wa shule hana haja nazo.

Kwa mama anayetaka kumfungia mwanawe kitu cha tamu, tunapendekeza hiki: gramu 200 za karanga zilizokaangwa na kutwangwa kidogo, gramu 200 za tende zilizotolewa kokwa, gramu 100 za ufuta na gramu 100 za maziwa ya unga. Viponde pamoja mpaka vishikane, vitandaze kwenye sinia, vikate vipande kumi na viwili. Kila kipande kitakuwa na protini kama gramu 8 na kalori kama 230. Kwa protini hakiifikii kashata ya dukani iliyo bora, na mwenye kisukari akumbuke kwamba tende ni tamu. Lakini kila kilichomo mama amekishika kwa mkono wake.

Tungependa wenye maduka nao watusaidie. Bidhaa hizi huja na maandishi madogo mno, ya lugha za kigeni, na wengine hubandika karatasi ya bei juu ya pale palipoandikwa vilivyotiwa ndani. Karatasi hiyo ihamishwe. Na mteja anapouliza jelatini hii ni ya mnyama gani, asijibiwe kwamba wengine wote wananunua. Muuzaji amwulize aliyemletea mali, na kama naye hajui, asiiweke karibu na tende mwezi wa Ramadhani.