Urahisi wa Nani?

Yako maneno yaliyozoeleka vinywani mwa mafundi wa vyombo vya umeme, ya kwamba simu ya mkononi hutumiwa kwa urahisi na kila mtu. Neno hili "kila mtu" lastahili kupimwa kabla ya kusadikiwa.

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata. Hapana shaka imeleta heri: mwenye kuuza ng'ombe Tarime aweza kupokea thamani yake pasipo kubeba noti njiani. Lakini na atazamwe ajuza wa Kikuria katika kijiji kilicho mbali na Mugumu, ambaye hakujaliwa kusoma. Kiooni huja orodha ya maneno, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Hapana budi achague tarakimu, kisha nyingine, na akikawia orodha hutoweka. Basi humpa simu mjukuu au wakala, na namba ya siri humtajia kwa sauti. Siri itajwayo dirishani mbele ya watu imekwisha kuwa habari. Akiibiwa, huambiwa kosa ni lake, kwa kuwa alionywa asiitaje.

Hapo ndipo ilipo dhuluma. Kazi iliyomshinda fundi hutwikwa ajuza, kisha ajuza huitwa mjinga.

Watasema wengine, "Na asome." Kusoma ni jema, na taifa liliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Lakini fedha za dawa hutakiwa leo, wala homa haimngoji mtu amalize kitabu.

Tena fundi akitaka huweza. Simu ya Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, ilikuwa na tochi kichwani. Mtu akionyeshwa mara moja hakuhitaji kuonyeshwa tena. Tochi ile haikumwuliza lugha wala darasa.

Kiswahili nacho kisijivune. Wasomi walifurahi, na ilikuwa haki yao, Jambo OpenOffice ilipotolewa mwaka 2004 kwa kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walakini kwa msemaji wa Kikuria, Kingoreme au Kiikoma asiyesoma, maandishi yaliyofasiriwa yangali ukuta. Atakacho ni sauti: simu imtajie kwa lugha yake kiasi cha fedha na jina la mpokeaji, kabla hajathibitisha.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Fundi na akae sokoni Mugumu siku moja, amkabidhi ajuza chombo chake, anyamaze, atazame. Akimwona anamtafuta mjukuu, na ajue kwamba chombo hakijaisha kutengenezwa.