Moto wa Usiku na Ushahidi wa Majivu: Tusimhukumu Mtu kwa Dhana

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Baada ya sala ya Ijumaa alinijia baba mmoja akitaka tukae tumsomee Halbadiri. Duka lake limeungua usiku, na yeye ana yakini kwamba aliyelichoma ni kijana aliyemfukuza kazi wiki mbili kabla. Nikamuuliza: "Umemuona?" Akajibu: "Hapana, Sheikh. Lakini nani mwengine?"

Neno hili la "nani mwengine" tunalisikia kila panapoungua. Soko la Kariakoo lilipowaka usiku wa tarehe 10 Julai 2021, Serikali iliunda tume ya uchunguzi, lakini mabarazani watu walikwishatoa hukumu yao kabla ya majivu kupoa. Soko la Gikomba, Nairobi, limeungua mara nyingi. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Kila mara wafanyabiashara husema kuna mkono wa mtu anayeitaka ardhi. Huenda ni kweli. Lakini kushuku ni jambo moja, na kuthibitisha ni jambo jengine.

Kwa nini ni vigumu kuthibitisha

Moto hula ushahidi wake wenyewe. Mwizi huacha alama kwenye kitasa, lakini anayechoma huacha kitasa kilichoyeyuka. Kisha yanakuja maji ya zimamoto, majirani wanaokanyaga huku na huku wakiokoa mali, na asubuhi mwenye nyumba anafagia.

Hata kinachobaki kinaweza kudanganya. Waya wa umeme ukikutwa umeyeyuka nchani, watu husema "ni shoti". Lakini waya huyeyuka hivyo hivyo pale moto ulioanza kwengine unapoufikia, kwa hiyo peke yake hautoshi kutuambia kama ndio sababu au ndio matokeo. Harufu ya mafuta ya taa nayo haitoshi katika nyumba yenye jiko la mafuta ya taa. Na petroli huruka hewani: kipande cha ubao kisipotiwa mapema katika chombo kinachoziba vizuri, maabara inaweza isipate kitu.

Mafunzo kutoka Marekani

Mwaka 1991, katika mji wa Corsicana, Texas, nyumba ya Cameron Todd Willingham iliungua na watoto wake watatu wakafa ndani. Wachunguzi waliziona alama za kuungua sakafuni wakasema hapa pamemwagwa mafuta. Alihukumiwa kifo, na mwaka 2004 akauawa. Baadaye, mtaalamu aliyeajiriwa na tume ya jimbo hilo inayosimamia sayansi ya ushahidi alieleza kwamba alama zile hazikuwa na msingi wa kielimu wa kumtia mtu hatiani.

Karibu na wakati ule ule, huko Jacksonville, Florida, mtu mwengine alishitakiwa kwa moto ulioua watu sita. Upande wa mashitaka wenyewe ukaamua kujaribu: wakaitia moto nyumba jirani iliyofanana na ile, bila ya kumwaga mafuta. Chini ya dakika 5 joto lilikuwa limejikusanya mpaka chumba kizima kikawaka kwa pamoja, na sakafu ikabaki na alama zile zile zilizodhaniwa kuwa ni za mafuta. Kesi ikafutwa.

Wachunguzi wale hawakuwa lazima waongo. Walikuwa na uzoefu wa miaka, lakini uzoefu ambao haujapimwa. Ikiwa wao walikosea, sisi wa barazani tutasemaje?

Sheria inasemaje

Kuchoma mali ya watu ni uharibifu mkubwa katika ardhi. Sheria ya jinai ya Tanzania Bara inafikisha adhabu yake kifungo cha maisha. Kwa uzito huo huo, mahakama hutaka ithibitishwe pasi na shaka ya msingi mambo mawili: kwamba moto ule uliwashwa kwa makusudi, na kwamba aliyewasha ni huyu. Wengi wetu tunaruka la kwanza tukakimbilia la pili.

Uislamu ulitangulia katika hili. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba lau watu wangepewa kwa madai yao tu, wangedai damu na mali za wenzao. Kwa hiyo ushahidi ni juu ya anayedai. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha kuhakikisha khabari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta.

Atauliza mtu: je, dalili hazina nafasi? Zina nafasi. Kanzu ya Nabii Yusuf (a.s.) iliyochanwa kwa nyuma ilionesha ukweli. Lakini kanzu ile ilibaki, ikatazamwa. Katika moto, mara nyingi kanzu yenyewe imeungua.

La kufanya

Panapoungua, baada ya kuokoa roho, waiteni Kikosi cha Zimamoto na Polisi, na msifagie mpaka waruhusu. Pigeni picha. Andikeni nani aliona mwanzo, saa ngapi, na moto ulionekana wapi kwanza. Kama jirani ana kamera, mwambieni ahifadhi picha kabla hazijafutika. Mwenye bima au takaful aseme kweli, kwani kuchoma chako ili ulipwe ni kula mali za watu kwa batili. Na jina la mtu lisirushwe kwenye makundi ya simu. Likisharuka halirudi, hata akionekana hana kosa.

Na tusisahau: Mtume (s.a.w.) alipoambiwa nyumba imeungua usiku Madina, aliuita moto adui na akaamrisha uzimwe watu wanapolala. Kinga hiyo iko mikononi mwetu.

Yule baba sikumsomea. Nilimwambia: ukimuapiza kijana naye hakufanya, wewe ndiye dhalimu, na dua ya aliyedhulumiwa haina pazia mbele ya Allah. Tukaomba pamoja haki idhihiri na Allah amlipe kilichopotea. Aliondoka hajaridhika, nami namuelewa. Mpaka leo hatujui kilichounguza duka lile. Lakini kijana anapita mtaani kwa amani, na hiyo ni haki yake mpaka ithibiti vyenginevyo.

Wallahu a'lam.